Jon Postel: Karani aliyezigawa namba na majina ya intaneti

Anayeandika anwani ya tovuti inayoishia kwa herufi rw, bi, ke, ug au tz hana haja ya kujiuliza ni nani aliyezigawa herufi hizo, wala ilikuwaje nchi jirani zisizigombanie. Jibu linatupeleka kwenye ofisi moja huko Marina del Rey, pwani ya California, na kwa mtu mmoja mpole wa sauti, mwenye ndevu ndefu na mapenzi ya kuvaa makubazi, aliyezitunza orodha za mtandao wa kompyuta tangu mtandao huo ulipokuwa na mashine chache tu hadi ulipoienea dunia. Jina lake ni Jonathan Bruce Postel. Alifariki mwaka 1998, kabla wengi wa wanaosoma ukurasa huu hawajapata kuiona intaneti kwa macho.

Postel alizaliwa tarehe 6 Agosti 1943 huko Altadena, jimboni California. Alisoma katika shule ya sekondari ya Van Nuys, mjini Los Angeles, shule ambayo kwa bahati ya aina yake iliwatoa pia Vint Cerf na Steve Crocker, watu wawili ambao majina yao hayatengani na historia ya intaneti. Akaendelea hadi Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akapata shahada ya kwanza ya uhandisi mwaka 1966, ya pili mwaka 1968, na ya udaktari katika sayansi ya kompyuta mwaka 1974.

Alikuwa bado mwanafunzi pale chuo chake kilipochaguliwa kuwa kituo cha kwanza cha ARPANET, mtandao uliogharimiwa na wizara ya ulinzi ya Marekani. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, mwanafunzi mwenzake alijaribu kutuma neno la kuingilia kwenye kompyuta ya taasisi ya utafiti ya Stanford, mamia ya kilomita kaskazini. Zilifika herufi mbili, kisha mashine ya upande wa pili ikazimika. Vijana hao walikuwa wakifanya jambo ambalo halikuwa na kitabu cha kufuata. Maprofesa waliwaachia, na wao walidhani kwamba siku moja wangetokea wataalamu wakubwa kutoka pwani ya mashariki kuwapa maelekezo rasmi. Wataalamu hao hawakutokea.

Kwa sababu hiyo makubaliano yao ya kiufundi waliyaandika kwa unyenyekevu. Mwezi Aprili 1969 Crocker aliandika waraka wa kwanza na kuupa jina la Ombi la Maoni, ili mtu yeyote asidhani kwamba wanafunzi wamejitwalia mamlaka ya kutunga sheria. Jina hilo, ambalo kwa kifupi ni RFC, halikubadilishwa hata nyaraka hizo zilipogeuka kuwa ndizo sheria zenyewe. Mhariri wao akawa Postel, na aliifanya kazi hiyo hadi alipokufa.

Uhariri huo unastahili kuangaliwa kwa utulivu, maana ndiko tabia ya mtu huyu inakoonekana. Aliupitia kila waraka, akaukataa uliochanganya mambo, akamrudishia mwandishi aliyetumia neno moja kwa maana mbili. Sisi tunaofanya kazi ya kuhamisha habari kutoka lugha moja hadi nyingine tunaijua adha ya neno lisilo na maana moja. Katika habari humchanganya msomaji mmoja, lakini katika itifaki ya mtandao huzifanya kompyuta maelfu zitofautiane bila ya yeyote kujua kosa liko wapi. Postel alitaka nyaraka ziandikwe kwa maandishi matupu, pasipo mapambo ya mashine au kampuni fulani, ili ziweze kusomeka katika kompyuta yoyote. Waraka ukishatolewa haukufutwa wala kurekebishwa. Aliyetaka kubadili jambo alitoa mwingine wenye namba mpya. Ndiyo maana waraka wa mwaka 1972 bado unafunguka leo bila taabu, ilhali faili nyingi zilizotengenezwa kwa programu za gharama kubwa miaka ya 1990 hazifunguki tena.

Asidhaniwe kuwa alikuwa mkavu. Kila ilipofika tarehe mosi Aprili alikuwa radhi kupitisha waraka wa mzaha ulioandikwa kwa lugha ileile ya kiufundi. Ule wa mwaka 1990 ulieleza kwa makini namna ya kusafirisha data za mtandao kwa kutumia njiwa.

Daftari la namba

Kazi yake ya pili ilianza kwa njia isiyo ya fahari. Mei 1972, katika waraka mfupi, alipendekeza kwamba awepo mtu mmoja wa kugawa namba ambazo kompyuta hutumia kutambua aina ya huduma inayoombwa, na akajitaja mwenyewe, akiweka alama ya kuuliza mbele ya jina hilo. Hakuna aliyepinga. Tangu hapo, aliyebuni huduma mpya aliwasiliana na Postel, naye akampa namba na kuiandika. Barua pepe ilipata 25. Tovuti, zilipozuka mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilipata 80, na mpaka leo ukurasa unaoombwa bila usimbaji wa siri hupitia mlango huo wa 80.

Mwaka 1977 alihamia katika Taasisi ya Sayansi ya Habari ya Chuo Kikuu cha Southern California, iliyopo Marina del Rey, akabaki hapo maisha yake yote. Miaka iliyofuata ilikuwa ya mavuno. Septemba 1981 zilitoka chini ya uhariri wake nyaraka zilizoweka msingi wa intaneti tunayoitumia: itifaki ya IP inayobeba pakiti za data, na TCP inayohakikisha kwamba pakiti hizo zinafika zote na kwa mpangilio. Agosti 1982 aliandika kanuni za kupeleka barua pepe. Ni yeye pia aliyeandika mpango wa kuhamisha mtandao mzima kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya, uhamisho uliokamilika tarehe 1 Januari 1983. Alishirikiana kwa miaka mingi na Joyce Reynolds, mwanamke ambaye jina lake linaonekana karibu kila mahali lilipo la Postel, na ambaye kwa maoni yangu hajapewa haki yake katika simulizi hizi.

Uvumilivu ulioleta mgogoro

Hata hivyo, sentensi yake iliyosafiri mbali kuliko zote ilitoka Januari 1980, katika toleo la mapema la waraka wa TCP. Kwa muhtasari, aliwashauri watengenezaji wa programu kuwa waangalifu katika kile wanachokituma kwa wengine na wavumilivu katika kile wanachokipokea. Ulikuwa ushauri wa mtu anayejua kwamba programu mbili zilizoandikwa na watu wawili waliosoma waraka mmoja hazitafanana kamwe, na kwamba zikianza kukataana kwa kila dosari ndogo, mtandao hautaanza kabisa.

Miaka 13 baadaye ushauri huo ulikutana na vivinjari vya tovuti. Lugha ya HTML, aliyoibuni Tim Berners-Lee katika kituo cha CERN mjini Geneva, ni maandishi yaliyozungushiwa alama: alama hufunguliwa, maneno yakafuata, alama ikafungwa. Chukua mwandishi wa ukurasa aliyefungua alama ya herufi nene, ndani yake akafungua ya herufi za mlalo, kisha akaifunga ile ya kwanza kabla ya ya pili. Ni kosa. Kivinjari kifanye nini? Mosaic, kilichotoka Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1993, na vilivyokifuata, vilichagua uvumilivu: viliubahatisha ukurasa na kuuonyesha.

Hapo ndipo nusu ya kwanza ya ushauri wa Postel iliposahauliwa. Mwandishi aliyeona ukurasa wake unaonekana hakujua kwamba una kosa, hivyo hakulirekebisha. Kivinjari kingine kilichoubahatisha ukurasa uleule kwa namna tofauti kilionekana kibovu, ingawa kibovu kilikuwa ukurasa. Kampuni ya Netscape, na Microsoft iliyoingia na Internet Explorer mwaka 1995, zikashindana kuvumilia makosa na kuongeza alama zao wenyewe ambazo hazikuandikwa katika kiwango chochote. Novemba 1995 toleo la 2.0 la HTML lilichapishwa kama RFC, katika mfululizo uleule aliouhariri Postel, lakini kufikia siku hiyo kurasa nyingi duniani hazikuufuata waraka huo na wenye kurasa hawakuona hasara yoyote.

Hasara iliwafikia wasomaji. Tovuti za serikali, benki na vyuo zilijengwa kwa ajili ya kivinjari kimoja na kutangaza hivyo waziwazi. Miaka michache baada ya mwaka 2000 Internet Explorer ilikuwa ikitumiwa na zaidi ya asilimia 90 ya watu wote, na mjenzi wa tovuti aliyeijaribu kazi yake humo peke yake alijiona amemaliza. Asiye na kompyuta ya aina hiyo, kipofu anayesomewa ukurasa na programu, au mtu mwenye simu ndogo kwenye mtandao wa polepole, alipata ukurasa mweupe au fomu isiyotumika. Msomaji wa eneo letu, ambaye mara nyingi ameingia mtandaoni kwa simu ya bei nafuu kabla hajamiliki kompyuta, anaijua hali hiyo.

Tiba ya kwanza ilikuwa ukali. Februari 1998 muungano wa viwango vya tovuti, W3C, ulitoa lugha ya XML, ambayo kosa lake moja la alama linatosha kuisimamisha programu isiendelee kusoma. Januari 2000 ikafuata XHTML, yaani HTML iliyovalishwa sheria hizo. Ukurasa wenye alama moja isiyofungwa ungetakiwa kumwonyesha msomaji taarifa ya kosa badala ya habari. Lakini Internet Explorer ya wakati huo haikujua kuzishughulikia kurasa za aina hiyo, wenye tovuti wakaendelea kuzituma kana kwamba ni HTML ya kawaida, na vivinjari vikaendelea kubahatisha. Na hata bila kizuizi hicho, ni mhariri gani angekubali habari ya uchaguzi ipotee yote kwa sababu ya alama moja iliyosahauliwa na fundi?

Mwaka 2004 watu wa Apple, Mozilla na Opera walianza njia nyingine. Waliketi, wakachunguza vivinjari vinavyofanya pale vinapokutana na kila aina ya kosa, wakaandika hatua kwa hatua namna moja ya kulipokea kosa hilo. Ilikuwa kazi ya kuchosha, ya kurasa nyingi mno, isiyo na sifa. Ndiyo iliyozaa HTML5, iliyopitishwa rasmi na W3C Oktoba 2014. Kwa kanuni zake, alama zilizofungwa kinyume katika mfano wetu hutoa matokeo yaleyale katika kila kivinjari kinachozifuata. Uvumilivu umebaki, ila haubahatishwi tena; umeandikwa.

Wapo wahandisi wanaosema Postel ndiye aliyeasisi vurugu hiyo. Mwaka 2023 ulitoka waraka rasmi, RFC namba 9413, unaoeleza kwamba kuvumilia makosa kimyakimya huyafanya yaote mizizi, na kwamba itifaki yenye afya ni ile inayotunzwa na kurekebishwa daima. Hoja ni nzito. Naona hata hivyo kwamba inamlenga zaidi aliyemsoma Postel nusu. Mtu aliyewarudishia waandishi nyaraka zao kwa ajili ya neno moja lenye utata hakuwa mtetezi wa uzembe.

Nani anastahili kuitwa nchi

Mwaka 1983 mwenzake katika taasisi ile, Paul Mockapetris, alibuni mfumo wa majina ya vikoa, kwa kazi aliyopewa na Postel, ili watu watumie majina badala ya namba ndefu. Majina yalihitaji mwisho: com, edu, org na kadhalika. Nchi nazo je?

Postel aliliona shimo lililokuwa mbele. Karani wa kompyuta asiye na jeshi wala ubalozi angeulizwa kila siku kama eneo fulani ni nchi, na kila jibu lingemfanyia adui. Akaamua kutolijibu swali hilo. Alichukua orodha ya herufi mbilimbili iliyokwisha kutayarishwa na shirika la kimataifa la viwango, ISO, akasema aliyemo humo atapewa, asiyemo aende akaombe huko kwanza. Machi 1994 aliandika msimamo huo katika RFC namba 1591, akiongeza kwamba anayekabidhiwa herufi za nchi ni mdhamini anayewatumikia watu wa nchi hiyo na mtandao kwa jumla, hajapewa mali. Uingereza ilibaki na uk, ingawa orodha inasema GB, kwa kuwa ilipewa kabla ya utaratibu huo kukaza.

Kwa nchi zetu uamuzi huo ulikuwa na uzito kuliko unavyoonekana. Nchi yenye watumiaji wachache kabisa wa mtandao ilipata herufi zake kwa haki ileile ya Ujerumani au Japani, na ofisi ya Postel haikutoza hata senti. Kenya iliandikishwa mwaka 1993, Uganda na Tanzania mwaka 1995, Rwanda na Burundi mwaka 1996. Zaire ilikuwa na zr. Mwaka 1997 ilipogeuka kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na orodha ya ISO ikabadilika, ilipewa cd mwaka huohuo, na zr ikaondolewa kabisa mwaka 2001. Hakuna aliyeulizwa Marina del Rey serikali halali ya Kinshasa ni ipi.

Siku chache za Januari

Utaratibu wa kuaminiana ulianza kutikisika fedha zilipoingia. Tangu 1993 kampuni ya Network Solutions ilikuwa na mkataba na shirika la kitaifa la sayansi la Marekani wa kuandikisha majina ya com na mengineyo, na mwaka 1995 iliruhusiwa kutoza dola 50 kwa mwaka. Watu walinung'unika kwamba kampuni moja imepewa soko zima. Postel na wenzake walipendekeza miisho mipya na waandikishaji wengi, na mwaka 1997 mpango wao ulitiwa saini Geneva. Serikali ya Marekani haikuupenda.

Tarehe 28 Januari 1998 Postel aliwaandikia barua pepe waendeshaji wanane wa seva mzizi, zile mashine 13 zinazojua kila mwisho wa jina unapatikana wapi. Aliwataka waache kuchukua orodha kutoka seva kuu ya Network Solutions, wachukue kutoka mashine ya ofisi yake. Wote wanane walifanya hivyo, kwa sababu aliyeomba ni yeye. Hakuna mtumiaji aliyehisi kitu, kwani orodha zilikuwa sawa. Ila Washington ilielewa: mtu mmoja, kwa barua moja, alikuwa ameonyesha kwamba mamlaka juu ya majina ya dunia yako pale ambapo mafundi wanakubali yawepo. Ira Magaziner, mshauri wa Rais Bill Clinton, aliamuru mambo yarudishwe. Postel alieleza kuwa lilikuwa jaribio tu, na baada ya siku chache yakarudi yalivyokuwa. Wanaomtetea wanasema kweli lilikuwa jaribio, maana siku ya makabidhiano ingefika. Mimi naamini lilikuwa jaribio na ujumbe kwa pamoja, na kwamba mtu makini kiasi kile hakushindwa kujua tarehe aliyoichagua: siku mbili baadaye serikali ilitoa rasimu ya sera yake.

Mwaka uliobaki aliutumia kuunda chombo ambacho kingerithi daftari lake. ICANN ilisajiliwa California mwishoni mwa Septemba 1998, naye alitarajiwa kuwa mkuu wake wa ufundi. Moyo wake, ambao ulikwisha kufanyiwa upasuaji wa vali mwaka 1991, ulihitaji upasuaji tena. Hakupona. Alifariki Los Angeles tarehe 16 Oktoba 1998, akiwa na umri wa miaka 55, wiki mbili tu baada ya chombo hicho kuzaliwa. Tanzia yake iliandikwa na Vint Cerf, na ikachapishwa kama RFC namba 2468, miongoni mwa nyaraka za itifaki.

Jumuiya ya Intaneti, ambayo Postel alikuwa mwanachama wake binafsi wa kwanza, imekuwa ikitoa tuzo kwa jina lake tangu 1999. Mwaka 2007 ilikwenda kwa Nii Quaynor wa Ghana, aliyeongoza juhudi za kuiunganisha Afrika Magharibi na mtandao na aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza wa AFRINIC, shirika linalogawa anwani za namba barani Afrika. Mkataba ambao kwao serikali ya Marekani iliendelea kuisimamia kazi ya daftari ulimalizika tarehe 1 Oktoba 2016. Sudan Kusini, iliyopata uhuru Julai 2011, iliingizwa katika orodha ya ISO mwezi uliofuata kwa herufi ss, na mwaka 2019 herufi hizo zikaandikwa katika seva mzizi, kwa utaratibu uleule wa mwaka 1994.